Mkono Uliokemewa Soy

Siku mliponiaga mliniomba hotuba, nikakataa kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na mkuu wa chuo alikuwa ameshazungumza ya kututosha sote. Sasa nimekaa nyumbani wiki ya sita, nyanya zangu zimepaliliwa mpaka zimechoka, na mume wangu ameniuliza kwa upole kama sina kitu cha kuandika. Basi haya hapa. Ya vyeo siyasemi, na ya mshahara yasemwe na wanaokumbuka kuuona. Nitawaeleza somo nililofundisha miaka ishirini na tisa katika chuo chetu cha ushirika hapa Eldoret, yaani historia ya mawazo ya uchumi, na jinsi lilivyoponea chupuchupu kufutwa kwa sababu ya neno moja nililolitafsiri vibaya. Au vizuri mno, sijui.

Nilikuja kutoka Siaya na shahada iliyojaa michoro. Siku ya kwanza nilipewa somo ambalo hakuna mwalimu aliyelitaka, na darasa la watu wazima waliotumwa na vyama vyao vya wakulima. Nikachora ubaoni mistari miwili inayokatana, mmoja wa wanunuzi na mmoja wa wauzaji, nikaizungushia duara pale ilipokutana, nikageuka kwa fahari. Baba mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo ni junction gani?"

Darasa zima lilikuwa limedhani ninawaelekeza njia. Mwingine aliyekuwa ananakili kwa bidii alikuwa ameshaandika "kituo cha polisi" pembeni. Nilifuta ubao nikawapa mapumziko ya chai, ingawa ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Aliyeniokoa ni Mzee Njoroge, mwalimu mkongwe aliyeletwa Eldoret na wazazi wake kutoka Murang'a akiwa mtoto, na aliyekuwa na duka la misumari na mabati mjini kando ya ualimu. Alikuwa na sanduku la mbao chini ya meza yake, na humo ndimo alimohifadhi falsafa yote. Kulikuwa na jagi la maji na pete ya ndoa yenye kijiwe. Alipotaka kufundisha swali lililowasumbua wanafikra karne nzima, kwamba kwa nini maji yanayotuweka hai yauzwe rahisi na kijiwe kisicholiwa kiuzwe ghali, aliviweka viwili hivyo mezani akanyamaza. Mwaka mmoja mwanafunzi aliyekuwa na kiu akayanywa maji. Mzee akasema mjadala umeisha, huyo ndiye amechagua, akaivaa pete yake.

Kulikuwa pia na kigoda kimoja. Kuna yule mwanafikra wa Kijerumani mwenye ndevu nyingi, wanafunzi wetu walimwita Mzee Ndevu, ambaye alishikilia kwamba thamani ya kitu hutoka kwenye kazi iliyotiwa ndani yake. Mzee Njoroge akamchukulia kwa uzito. Alichonga kigoda kwa mikono yake wiki nzima, yeye ambaye hajawahi kuchonga hata kijiti cha meno, akakipeleka sokoni. Alirudi nacho. Kilikuwa na miguu mitatu ya urefu tofauti, na kila mgeni aliyekikalia alianguka upande wa dirisha. "Kazi ya wiki nzima iko hapo ndani," alikuwa akiwaambia wakijipangusa. "Msiseme haina thamani, semeni haina mnunuzi." Halafu kwa haki kabisa aliongeza kwamba Mzee Ndevu aliliona shimo hilo, alisema kazi yenyewe lazima iwe ya kawaida na ya kuhitajika, na kwamba kuicheka hoja ya mtu bila kumsoma ni uvivu.

Hilo alinifunza mapema. La pili alilonifunza ni hili: "Akinyi, usitafsiri neno. Tafsiri jambo." Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari, kisha nikaendelea kutafsiri maneno.

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda. Wanafunzi walikuwa wakiwapa wanafikra majina, na mimi nikayakubali kwa sababu yalikaa kichwani kuliko ya vitabuni. Kulikuwa na Mskoti, aliyeanza kama mwalimu wa maadili kabla hajaandika habari za masoko. Kulikuwa na Pasta, yule kasisi wa Kiingereza aliyeogopa kwamba watu wanazaana upesi kuliko chakula kinavyoongezeka. Kulikuwa na Mwingereza wa Juzi, aliyesema kwamba nyakati mbaya kila mtu akiamua kuweka akiba kwa pamoja, wote huzidi kuumia. Huyo alinipa taabu. Hebu fikirini kumfundisha hayo katibu wa chama cha kuweka akiba. Mmoja aliandika kwenye mtihani: "Hoja yake ina nguvu, lakini mtu huyu asipewe uanachama." Nilimpa alama zote.

Somo lililokuwa jepesi kuliko yote ni lile la mapato yanayopungua, kwamba kila nyongeza huzaa kidogo kuliko iliyotangulia. Nilihitaji kuuliza tu nani ameshawahi kuongeza mbolea mara ya tatu kwenye shamba lilelile. Walicheka kwa uchungu, nami nikakaa chini wakafundishana wenyewe.

Sasa nifike Soy.

Mzee Njoroge alikuwa amestaafu. Chuo kilikuwa kimeanza masomo ya nje, mwalimu anatumwa siku moja kwa mwezi kwenda kuwafundisha wakulima huko waliko. Nikapewa Soy, nje ya mji wetu, katika ukumbi wa kanisa la Pasta Barasa, Mbukusu mpole mwenye watoto wanane na sauti ya watu kumi. Waliohudhuria walikuwa kama arubaini. Mbele kabisa alikaa Mzee Cheruiyot, mkulima wa mahindi, aliyekuja na kofia yake ya sufi na mkongojo asiouhitaji. Kando yake alikuwapo Mama Wambui, mwenye kipande cha shamba hapohapo Soy na meza ya sukuma wiki kule soko la Langas mjini. Hapo nikawaambia, kwa Kiswahili safi na kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake:

"Leo nataka mjue kwamba sokoni kuna mkono usioonekana, unaopanga mambo yenu."

Ukumbi ukatulia. Mimi nikadhani wamevutiwa.

"Unasema hiyo mkono iko hapa Soy?" aliuliza Mzee Cheruiyot.

"Uko kila mahali penye soko, Mzee."

Mama Wambui akauchukua mkoba wake sakafuni, akaupakata.

"Na inafanya kazi saa ngapi?"

"Wakati wote. Hata mkiwa mmelala."

"Na hao watu inawatumia, wanajua wanatumiwa?"

"Hawajui kabisa. Hapo ndipo penye uzuri wake! Kila mmoja anadhani anafuata mambo yake tu."

"Uzuri," alirudia Mzee Cheruiyot polepole. "Na mtu akitaka kuizuia?"

"Hata serikali zimejaribu. Nyingi zimeshindwa."

Naapa kila jibu nililotoa lilikuwa sahihi. Mngeniweka mbele ya maprofesa wangenipa mkono, huu unaoonekana. Lakini Pasta Barasa alikuwa ameshasimama, ameshavua koti, na kabla sijageukia ubao alikuwa anasema, "Wapendwa, simameni. Kama hata serikali imeshindwa, sisi tunaye asiyeshindwa." Wakasimama. Akaukemea ule mkono. Akaukemea kutoka kaskazini na kusini, akaukata kwenye kiwiko, akaukata begani, akaufunga kwa minyororo ya moto, na watu wakaitikia kwa nguvu mpaka mabati yakatetemeka. Mimi nilisimama na chaki mkononi. Nilifumba macho kwa adabu, na nilipoyafumbua niliona simu tatu zikinirekodi.

Mtu hupata aibu ya kwanza, halafu hupata ya pili akifika nyumbani. Video ilikuwa imenitangulia mjini kwa magrupu ya simu, na mtu alikuwa ameandika juu yake: MWALIMU WA CHUO AKIRI. Chuo chetu, kama mjuavyo, kina mkono wa kanisa katika uendeshaji wake. Samahani, nilitaka kusema kina uhusiano. Asubuhi yake mkuu wa chuo akaniita.

"Mwalimu Akinyi, huu mkono ni wa nani?"

"Ni wa Mskoti, sir."

"Na Mskoti ameingiaje Soy?"

Nilijitahidi kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyosogeza kiti chake nyuma. Mwishowe akaniambia watu watatu wa Soy wameleta mashtaka kwamba ninafundisha mambo ya shetani, akanipa barua. Bodi ingekutana Ijumaa ya wiki ile kuamua kama somo la historia ya mawazo ya uchumi liondolewe kwenye silabasi, na mimi nihamishiwe stoo ya vifaa, nikagawe chaki na karatasi. Nilirudi ofisini nikajifungia nikalia. Sikulia kwa ajili ya stoo, maana stoo ina dirisha zuri. Nililia kwa sababu nililipenda lile somo. Nililipenda kwa jinsi lilivyomfanya mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba bei ni bei ageuke aulize, ni nani aliyesema? Na hakukuwa na mtu mwingine pale chuoni wa kulipigania.

Ijumaa ikafika. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu wa haki lakini asiyependa vikao virefu. Walalamishi walioalikwa walikuwa watatu, wakaja wawili, Pasta Barasa na Mama Wambui. Mzee Cheruiyot alituma salamu kwamba mvua imenyesha na mahindi hayajipandi.

Nikaomba ruhusa ya kumuuliza Mama Wambui swali.

"Mama, leo kule Langas, bei ya sukuma amekupangia nani?"

"Anipangie nani?" alishangaa. "Naangalia tu. Nikifika naangalia vile wenzangu wameweka. Kama imenyesha, sukuma ni mob, imejaa kila meza, huwezi jifanya kupandisha. Kama ni kiangazi, unakaza kidogo. Yule wa kando yangu akishusha, mimi sishushi, naongeza majani kwa fungu."

"Kwa hiyo mlifanya mkutano?"

"Mkutano na nani, Mwalimu, saa kumi na moja asubuhi?"

"Kuna mkubwa wenu aliyetoa amri?"

"Hakuna mkubwa."

"Na bei ikapatikana."

"Si lazima ipatikane?"

"Sasa nani ameiamua?"

Mama Wambui akaanza kuhesabu wenzake kwa vidole. Akamtazama mwenyekiti, akatazama dari. "Ni sisi," alisema. "Lakini hakuna mtu aliamua."

"Basi hicho ndicho Mskoti alichokiita mkono usioonekana. Na yeye mwenyewe aliutaja mara chache mno, akipita tu. Waliokuja baadaye ndio walioujengea nyumba."

"Ngoja," alisema Mama Wambui. Alikuwa amesimama. "Ngoja kwanza. Hiyo mkono ni yetu?"

"Kwa sehemu kubwa, ndiyo."

Akamgeukia mchungaji wake. "Pasta! Tulijifunga wenyewe! Na ndio maana hii wiki sijauza!"

"Mimi nilifunga kwa jumla," alisema Pasta Barasa. "Sikutaja mtu."

Hapo mwenyekiti akakohoa, akasema yeye haoni ubaya wa mkono huo, maziwa yake yanauzwa vizuri na hakuna anayelazimishwa kununua. Mweka hazina akamjibu kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa na ng'ombe thelathini, muulize anayewakama. Mama mmoja wa bodi akasema anayewakama ndiye mwenye maziwa kwa haki. Mwenyekiti akauliza basi ng'ombe ana nini. Mwingine akasema tatizo si maziwa, tatizo ni watu kuwa wengi, na bila kukusudia macho ya chumba kizima yakamwendea Pasta Barasa.

"Mbona mnaniangalia?"

Nikaingilia kwa adabu, nikawaeleza kwamba hofu hiyo ni ya kasisi mmoja wa zamani, na kwamba wengi wamempinga. Pasta Barasa akauliza kasisi huyo alikuwa na watoto wangapi. Nikasema wachache. "Basi aliogopa kitu hajajaribu," alisema, na bodi ikampigia makofi.

Chai ililetwa ikapoa. Walibishana saa tatu. Kila mmoja alikuwa ameshika upande wa mwanafikra asiyemjua hata jina, na wote walikuwa wakali kana kwamba mambo yale yamebuniwa asubuhi ile. Katibu wa bodi aliandika kwenye kumbukumbu, "Mjadala uliendelea," akaandika tena, "Mjadala uliendelea," halafu akaweka kalamu chini naye akaingia kwenye mjadala.

Mwishowe mwenyekiti akatazama saa akashtuka, ng'ombe wake walikuwa wanamsubiri. Akasema bodi haiwezi kupuuza mashtaka ya wananchi, wala haiwezi kulifuta somo ambalo limeifanya ikose kula. Mashtaka yalitoka Soy, kwa hiyo Soy wenyewe wayaondoe. Nilete barua iliyotiwa sahihi na walalamishi wote watatu kufikia Jumatatu. Nisipoileta, niende stoo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Soy. Mama Wambui alinifuata tangu barabarani, Pasta Barasa akaja na koti lake mkononi. Mzee Cheruiyot tulimkuta shambani, anarekebisha seng'enge. Hakusimamisha kazi. Mama Wambui akamweleza yote, vizuri kuliko nilivyoweza mimi, kuhusu Langas na kuangalia wenzake na majani kwa fungu. Alipomaliza, Mzee akaweka nyundo chini.

"Nimeelewa," alisema. "Mkono ni yetu sisi wote. Si ya shetani. Hiyo nakubali."

Nilitoa karatasi na kalamu haraka sana.

"Lakini Mwalimu, siku ile tuliomba kabla sijauliza ya mwisho. Wewe mkono yako, ukishika ugali, inapeleka wapi?"

"Mdomoni, Mzee."

"Kwa mdomo ya nani?"

"Wangu."

"Sasa hii yetu, kama ni yetu, mbona kila mwaka inachukua mahindi hapa inapeleka kwa mdomo ingine? Mimi napanda, napalilia, navuna, na wakati wa kuuza bei iko chini. Wakati wa kununua, bei iko juu. Umewahi ona mkono inatoka kwa mwili yako inalisha jirani kila siku, na wewe uko hapo na njaa?"

Nilifungua mdomo nikiwa na uhakika kwamba jibu lingetoka. Nilimtafuta Mskoti, nikamkuta anazungumza na waokaji mikate wa kwao. Nilimtafuta Mzee Ndevu, na yeye angalau aliinamisha kichwa kama anayelielewa swali, lakini jibu lake lilihitaji kiwanda, na pale palikuwa na seng'enge na mahindi. Nikamtafuta Mwingereza wa Juzi. Nilikuwa nimewafundisha wote hao miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusimama nami kwenye lile shamba. Niliona aibu, kisha aibu ikaniondoka nikabaki na hamu kubwa ya kujua.

"Sijui, Mzee," nilisema.

Pasta Barasa akatazama chini. Mama Wambui akaguna kwa huruma. Mimi nikaanza kurudisha kalamu mfukoni, nikifikiria lile dirisha la stoo.

"Wambui," alisema Mzee Cheruiyot, "chukua hiyo karatasi, mimi sina miwani. Andika."

Akamtajia neno kwa neno, naye akaandika kwa herufi kubwa za mtu anayeandika bei kwenye kadibodi:

"Kwa Mwenyekiti wa Bodi. Sisi wakulima wa Soy tumeondoa mashtaka. Mkono si ya shetani. Tunaomba hili somo iendelee, na huyu mwalimu aendelee nayo, kwa sababu mwenyewe bado hajaielewa."

Nilimsihi aondoe maneno ya mwisho. Nilimwambia bodi itanicheka. Akaichukua barua, akatia sahihi yake taratibu, akampa Pasta atie yake, Wambui akatia ya tatu.

"Hiyo ndio sababu," alisema. "Angekuwa ameshaielewa, angerudi hapa kufanya nini?"

Bodi ilicheka, ndiyo, kisha ikaipitisha barua kama ilivyo, na nikarudi Soy kila mwezi mpaka Mzee Cheruiyot alipofariki, na hata baada ya hapo. Hamtakuta barua nyingine yoyote ya kuidhinisha somo hili, maana sikuwahi kupewa. Kuna ile tu, ndani ya faili la kijani, kabati la kushoto. Mkaguzi akija akataka kibali, mpeni asome. Nimestaafu, na sababu iliyoandikwa pale ni ya kweli hadi leo.